Kufanana si Kulingana: Pembetatu na Upimaji wa Masafa katika Kitui na Makueni

Utangulizi

Mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, Tiva, Thua, Enziu na Kaiti huwa njia za mchanga ambazo watu na mifugo huzikata kwa miguu. Mvua za Oktoba hadi Desemba zinapowadia, mchanga huo huo hugeuka mto wenye nguvu kwa muda wa saa chache tu, na aliyevuka jana kwa hatua 40 hana budi leo kusimama ukingoni akikadiria kwa macho. Makadirio ya namna hiyo yana gharama. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Ni dhahiri kwamba hisabati haizuii mafuriko. Hata hivyo, hisabati humpa mwanadamu uwezo wa kupima asichoweza kukifikia: upana wa mto kabla ya kuuvuka, kimo cha mti kabla ya kuukata, au masafa ambayo mchanga utarudi nyuma ya ukuta ambao bado haujajengwa. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni moja ya jometri inayotosha kwa kazi zote hizo, nayo ni kufanana kwa pembetatu. Aidha, yanajaribu kuonyesha kwamba kanuni hii inaelezeka kwa Kiswahili kikamilifu, mradi msemaji atofautishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kufanana na kulingana.

Suala hili linawahusu wasomi wa Kiswahili kwa sababu iliyo wazi. Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mada ya kufanana kwa maumbo iliwekwa katika Kidato cha Pili na kufundishwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, wanaochimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga huko Ukambani huzungumza Kikamba nyumbani, na Kiswahili wanapokutana na fundi, mwenye lori au mgeni. Kwa hivyo, maarifa yako katika nyumba moja na mahitaji yako katika nyumba nyingine. Lugha ndiyo mlango baina ya nyumba hizo mbili.

Maana ya Kufanana

Mtoto aweza kufanana na babake bila ya kulingana naye kimo. Sura ni ile ile, ukubwa ni tofauti. Hivyo ndivyo pembetatu mbili zinavyofanana. Pembe tatu za pembetatu ya kwanza zikiwa sawa na pembe tatu za pembetatu ya pili, basi maumbo hayo yana sura moja, hata ikiwa moja yaenea kiganjani na nyingine yafunika bonde zima. Pembetatu zinazolingana, kwa upande mwingine, ni zile ambazo moja ikiwekwa juu ya nyingine hakuna kinachozidi wala kupungua.

Kufanana kuna tokeo moja muhimu. Pande za pembetatu zinazofanana huwa na uwiano mmoja. Ikiwa upande mmoja wa pembetatu kubwa ni mara nne ya upande wa pembetatu ndogo unaokaa mahali pake, basi kila upande wa ile kubwa ni mara nne ya mwenzake. Kanuni hii si ngeni. Euclid aliifafanua katika kitabu cha 6 cha maandishi yake ya jometri, takriban mwaka 300 KK, na inasimuliwa kwamba kabla yake Mgiriki Thales alipima kimo cha piramidi nchini Misri kwa kutumia kivuli chake.

Ieleweke pia kwamba uwiano hauna kizio. Mara nne ni mara nne, iwe ni ya mita au ya hatua. Shibiri, dhiraa na pima, vipimo vya mwili ambavyo Waswahili walivitumia kwa nguo na kamba, vinafaa sawasawa na utepe wa fundi, ilimradi kipimo kisibadilishwe katikati ya kazi. Asiye na utepe hazuiliki kupima.

Kivuli cha Mbuyu

Mfano ulio rahisi zaidi ni ule wa kivuli. Jua liko mbali mno, hata miale yake inayofika katika uwanja mmoja huhesabiwa kuwa sambamba. Fimbo iliyosimama wima na mti uliosimama karibu nayo hupigwa na miale yenye mwinamo mmoja. Fimbo na kivuli chake hufanya pembetatu ndogo, mti na kivuli chake hufanya pembetatu kubwa, na pembetatu hizo mbili hufanana.

Tuseme mwanafunzi wa Kibwezi anataka kujua kimo cha mbuyu. Anasimamisha fimbo ya mita 1, na kivuli cha fimbo kinakuwa mita 0.8. Anapima kivuli cha mbuyu kutoka kwenye gome hadi kwenye ncha, anapata mita 12.4. Hapa ndipo wengi hukosea. Kimo cha mti hushuka katikati ya shina, si kwenye gome, na shina la mbuyu si jembamba kama la mpapai. Hana budi kuzungusha kamba kwenye shina. Mzingo ukiwa mita 12.6, akiugawa kwa 3.14 atapata upana wa mita 4 hivi, na nusu yake ni mita 2. Kivuli kamili basi ni mita 14.4. Kwa kuwa fimbo ni mara 1.25 ya kivuli chake, mbuyu nao ni mara 1.25 ya mita 14.4, yaani mita 18.

Wakati wa kupima nao una umuhimu wake. Kitui na Makueni ziko kusini kidogo tu mwa Ikweta. Katika miezi ya Machi na Septemba kuna siku ambapo jua la adhuhuri hupita utosini, na kivuli hukaribia kutoweka. Kivuli kifupi mno hakipimiki kwa uhakika, na kirefu mno hufifia kwenye ncha. Saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri ni nyakati zinazofaa zaidi. Isitoshe, vivuli vyote viwili vipimwe kwa wakati mmoja na mahali palipo tambarare, kwa kuwa jua halisubiri.

Upana wa Mto Usiovukika

Mto hauna kivuli cha kupimwa, lakini una kingo mbili. Mpimaji hubakia kwenye ukingo wake na kuchagua mti ulio kwenye ukingo wa pili. Mti huo na uitwe M. Anapigilia mambo A mkabala kabisa na mti huo. Kisha anatembea kando ya mto, kwa mstari unaofanya pembe mraba na mstari wa kutoka A hadi M, hatua 20, na kupigilia mambo B. Anaendelea mbele kwenye mstari ule ule hatua 5 zaidi na kupigilia mambo C. Hapo anaupa mto mgongo, anatembea kwa pembe mraba kwenda bara, huku akigeuka mara kwa mara kutazama nyuma. Anaposimama mahali ambapo mambo B linaufunika mti M machoni pake, amefika D.

Zimepatikana pembetatu mbili. Ya kwanza ni MAB, inayokatiza maji. Ya pili ni DCB, iliyo yote kwenye nchi kavu. Pembe zilizo A na C ni pembe mraba. Pembe mbili zinazokutana B hutazamana baina ya mistari miwili iliyokatana, na kwa hivyo ni sawa. Pembe mbili zikiwa sawa, ya tatu haina hiari. Pembetatu hizo zinafanana, na kwa kuwa AB ni mara nne ya BC, upana wa mto ni mara nne ya umbali wa kutoka C hadi D. Mpimaji akihesabu hatua 9 baina ya C na D, upana ni hatua 36. Ikiwa hatua yake ni sentimita 75, mto una upana wa mita 27, naye hajalowesha hata unyayo.

Pembe mraba yenyewe hupatikana kwa njia ambayo mafundi wa ujenzi huitumia kila siku. Kamba hufungwa mafundo yanayoigawa katika sehemu 12 zilizo sawa, kisha huvutwa iwe pembetatu yenye pande za sehemu 3, 4 na 5. Kona iliyo baina ya 3 na 4 ni pembe mraba.

Ni muhimu kusisitiza jambo moja. Mbinu hii hutoa upana tu. Haisemi lolote kuhusu kina wala kasi ya maji. Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake, na jometri haijatengua methali hiyo. Anayejua kwamba mto una upana wa mita 27 amejua urefu wa kamba au daraja linalohitajika. Hajapata ruhusa ya kuingia majini.

Mwinamo, Matuta na Mabwawa ya Mchanga

Matumizi yenye faida kubwa zaidi katika kaunti hizi mbili yamo kwenye mwinamo wa ardhi. Kitui na Makueni zinajulikana kwa mabwawa ya mchanga, ambayo mashirika kama vile SASOL huko Kitui na Utooni huko Makueni yameyajenga pamoja na vikundi vya wanakijiji. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubakia katika nafasi zilizo baina ya chembe za mchanga, ambamo jua haliyafikii kwa urahisi. Wakati wa kiangazi maji hayo hutekwa kisimani au kwa bomba.

Kabla ya kujenga, wanakijiji huhitaji kujua mchanga utaenea umbali gani kutoka ukutani. Jibu limo katika pembetatu mbili zinazofanana. Kamba ya mita 10 hunyooshwa kando ya mto, ncha yake ya juu ikigusa mchanga, na kipimo cha pima maji hutundikwa katikati yake. Ncha ya chini huinuliwa mpaka kamba ilale sawa. Tuseme ncha hiyo imeinuka sentimita 20 kutoka mchangani. Pembetatu ndogo basi ina kimo cha mita 0.2 na kitako cha mita 10. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 2, ambacho ni mara kumi ya mita 0.2, kitako cha pembetatu kubwa nacho kitakuwa mara kumi, yaani mita 100. Mchanga utaenea angalau mita 100 kutoka ukutani, mradi mwinamo wa mto usibadilike. Kwa kuwa uso wa mchanga wenyewe huinama kidogo, urefu halisi huweza kuzidi hesabu hiyo.

Mto wenye mwinamo wa sentimita 50 katika mita 10 ungetoa mita 40 tu kwa ukuta ule ule. Saruji ni ile ile na jasho ni lile lile, lakini akiba ya maji ni pungufu mno. Kikundi kilichopima kwa kamba kabla ya kuchanganya zege hujua mapema mahali pa kujenga.

Hesabu hiyo hiyo huongoza nafasi baina ya matuta. Ikiwa shamba linashuka mita 1 katika kila mita 10, na mkulima anataka kila tuta liwe mita 1.5 chini ya lile lililotangulia, matuta yatatengana kwa mita 15.

Jabali Lisilofikika Kitovu

Karibu na mji wa Kitui kuna Jabali la Nzambani, mashuhuri kwa simulizi kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Jabali kama hilo halipimiki kwa kivuli, kwa sababu kitako cha kimo chake kimefichika ndani ya mwamba. Hapa pembetatu moja haitoshi. Huhitajika vituo viwili.

Mpimaji husimamisha mti mwembamba unaozidi usawa wa jicho lake kwa mita 2. Anarudi nyuma hadi ncha ya mti ikutane na kilele machoni pake, na kupima umbali wa jicho na mti. Tuseme ni mita 3. Kisha anauhamisha mti nyuma, kwenye mstari ule ule, na kurudia. Mara hii umbali ni mita 4. Ikiwa vituo viwili vya jicho vimeachana kwa mita 50, uwiano hupatikana kwa kuigawa 50 hiyo kwa tofauti ya 4 na 3. Uwiano ni 50. Kilele basi kiko mara 50 ya mita 2, yaani mita 100 juu ya usawa wa jicho. Mwanzoni mwa karne ya 11, mwanazuoni Al-Biruni naye alitumia vituo viwili kupata kimo cha mlima huko Nandana, katika Pakistani ya leo, kabla ya kukadiria ukubwa wa dunia.

Mbinu hii haina huruma kwa mzembe. Mpimaji akisoma mita 4.1 badala ya 4, tofauti inakuwa 1.1 na jibu linashuka hadi takriban mita 91. Kosa la sentimita 10 limezaa kosa la mita 9. Uwiano unaokuza kipimo hukuza pia makosa yake. Ndiyo maana mpimaji makini hurudia kazi mara kadhaa, na huviachanisha vituo vyake kwa umbali mkubwa kadiri uwanja unavyoruhusu.

Suala la Istilahi

Kutokana na mifano iliyotangulia, inadhihirika kwamba maelezo yote yamewezekana kwa maneno yaliyozoeleka: pembetatu, pembe mraba, kimo, kitako, uwiano, sambamba, kizio, mwinamo. Hili halipaswi kushangaza. Shule za msingi za Tanzania zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Huko Ukambani, mtiririko wa istilahi umewahi hata kwenda upande wa pili. Tuta linalochimbwa kwa kuurusha udongo upande wa juu wa mtaro huitwa fanya juu, na jina hilo limeingia vivyo hivyo katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo. Wataalamu wa mataifa mengine hulitamka bila kulitafsiri.

Tatizo basi si uhaba wa maneno, bali ulegevu katika kuyatumia. Mwalimu anayesema kwamba "pembetatu hizi ni sawa" humwacha mwanafunzi njia panda. Je, ni sawa kwa sura au ni sawa kwa ukubwa? Aliyeelewa kwamba zinalingana atadhani kuwa upana wa mto ni sawa na umbali wa C hadi D. Atatangaza hatua 9 mahali penye hatua 36, na kamba yake itaishia katikati ya mto. Kosa la neno limekuwa kosa la kipimo.

Kiswahili tayari kina silaha ya kuepuka mkanganyiko huo. Kitenzi lingana kimetupa mlinganyo, istilahi inayotumika kwa hesabu ambayo pande zake mbili ni sawa kabisa. Kitenzi fanana nacho kimetupa mfanano, ambao hudai umoja wa sura na kuuacha ukubwa uwe huru. Ni vyema basi kulingana kubakizwe kwa maumbo yasiyozidiana, na kufanana kutengewe yale yanayotofautiana kwa ukubwa huku pembe zao zikiwa sawa. Neno sawa, kwa upande wake, liambatane daima na kile kinachosawazishwa: pembe sawa, pande sawa, eneo sawa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi pembetatu ndogo, inayoweza kupimwa kwa fimbo, kamba na hatua, inavyomwakilisha mwenzake mkubwa asiyefikika. Kanuni ni moja kwa mbuyu wa Kibwezi, ukingo wa Enziu, ukuta wa bwawa la mchanga na kilele cha jabali. Yanayobadilika ni mahali pa kusimama na uangalifu unaohitajika.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyopo si ya kuwaachia walimu wa hisabati peke yao. Kuna haja ya kuandika miongozo mifupi, kwa lugha sahihi na iliyopimwa, ambayo kikundi cha bwawa huko Mutomo au Mbooni kinaweza kuisoma kwa sauti ukingoni mwa mto na kuifuata hatua kwa hatua. Mwongozo wa namna hiyo utahukumiwa na kamba ya fundi: maneno yakiwa sahihi, kamba itafika ng'ambo.